Aliyesikia Jozi

Mpwa wangu Nekesa na rafiki yake Oti walikuwa wameketi juu ya kitanda changu, maana chumba changu hapa Makongeni hakina kiti cha pili, wakibishana kuhusu jozi. Si jozi za viatu. Jozi za kula, zile za unga wa ngano uliosukumwa mwembamba, ukafungiwa nyama ya kusaga na kabichi, kisha zikapikwa kwa mvuke mpaka ngozi inang'aa na unaona kijani cha dania ndani. Oti alikuwa anatetea za Umoja. "Za Umoja?" Nekesa akamcheka. "Hizo ni chapati imemeza nyama, bana. Kila mtu anajua namba moja ni Fedha. Kwa Mama Jozi." Mimi nilikuwa namimina chai. Nikaendelea kumimina mpaka ikajaa kikombe, ikajaa kisosi, ikashuka mezani. "Anti, uko sawa?" Nikasema niko sawa. Mama Jozi! Yaani siku hizi wanamwita hivyo. Mimi niliyelizaa hilo neno nauza mandazi hapa mlangoni na naitwa Mama Mandazi, na hata hilo jina nagawana na mwanamke mwingine wa mtaa wa pili.

Sitadanganya kwamba nilikuwa sijawahi kuonja jozi za watu. Nimezunguka Eastlands yote nikizila kimyakimya, kama mke anayemfuata mume kuona analala wapi. Umoja, nyuma ya soko, ngozi ni nene. Yule dada anakanda kwa maji moto kama anayepika chapati, na hataki kuambiwa. Kayole kuna kijana anazipika vizuri kabisa halafu anaziharibu kwa kuzikaanga, ati wateja wanataka kitu cha kulia mdomoni. Donholm unalipia viti. Kaloleni kuna mama mmoja Mwislamu, mpole, anatumia nyama ya mbuzi na ukwaju wa kuchovya, na mwili wake wote unanukia dania. Huyo ningempa namba moja mchana kweupe, kwa sababu hanijui na hajaniibia kitu. Ni Fedha peke yake nilikuwa sijawahi kuingia. Nimefika hadi kona ya ule mtaa zaidi ya mara moja, harufu ya tangawizi ikanipata, nikageuka nikarudi nyumbani na njaa yangu. Kwa hivyo Nekesa aliposema, "Jumamosi nakupeleka, Anti, mimi ndio nalipa," nilipangusa kwanza chai iliyomwagika. Halafu nikasema sawa. Sikuwa naenda kula. Kuna swali moja nimelibeba tangu ujana wangu, na mwenye jibu ni mtu mmoja tu, na yuko Fedha.

Majina nitayataja, kwa sababu mimi nilipokuwa naungua hakuna aliyenificha. Wa kwanza ni Nyokabi, huyo Mama Jozi wenu. Wa pili ni Musyoka, aliyekuwa msimamizi wetu. Wa tatu ni Mzee Lu, mpishi, ingawa yeye namweka mwisho na kwa uchungu, maana alinipenda kwa njia yake.

Mwaka ule mkono wangu wa kulia ulikuwa bado unapanda mpaka juu ya kichwa. Mimi na Nyokabi tuliandikwa siku moja, jikoni mwa kiwanda cha ndara kule Industrial Area. Wenye kiwanda walikuwa Wachina, na jiko lilikuwa la kuwapikia wao na wageni wao. Tulikuwa majirani hapa Makongeni, ukuta mmoja kati yangu na yeye, na asubuhi tulitoka pamoja chini ya mwavuli mmoja, tukicheka mambo ambayo siwezi kuyakumbuka tena, na hilo pia linaniuma. Jiko lenyewe lilikuwa chumba kirefu nyuma ya stoo. Dirisha lilitazama ukuta. Plastiki iliyokuwa ikiyeyushwa upande wa pili ilinuka mpaka ndani ya unga, na ukirudi nyumbani ukivua kitambaa cha kichwa unasikia ndara. Katikati kulikuwa na meza ya mbao nyeupe kwa unga, na pale mwisho, karibu na mlango, mtambo wa mvuke: sufuria kubwa ya maji chini, na juu yake masinia yenye matundu yamepandana kama ghorofa, na kifuniko ambacho mtu mfupi hakifikii.

Siku ya kwanza Mzee Lu alitushika viganja. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini hakikuwa na mzunguko. Akashika cha Nyokabi, akaitikia kwa kichwa. Akashika changu, akakiacha haraka. "Wewe moto," akasema. "Mkono moto. Unga lia." Nilidhani anatania. Lakini ni kweli, mikono yangu ina joto. Hata mandazi yangu leo nayakanda nimetumbukiza vidole kwenye maji baridi. Basi Nyokabi, mwenye mikono ya baridi kama samaki wa jana, akawekwa mezani kukunja, na mimi nikapelekwa kwa mvuke. Hapo ndipo wivu wangu ulipozaliwa, sitasema ulizaliwa baadaye. Nilikuwa nasimama kwenye joto nimelowa jasho, namwona ameketi, ndiyo, ameketi, anachukua kipande cha unga, anaweka nyama, halafu vidole vinatembea ukingoni, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka mdomo unafungika kama jicho la mtoto anayelala. Mzee Lu alikuwa anakipokea kila kimoja na kukitazama kwa upande wa mwanga. Mimi zangu nilizojaribu zilifunguka zote ndani ya mvuke na kumwaga matumbo. "Nafula," Nyokabi alikuwa akiniambia, "zako zinataka kuongea." Tukacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Nami nilikuwa na vyangu. Masinia yale yalikuwa yanashika unga, ukitoa jozi ngozi inabaki chini. Mzee Lu alikuwa anatandika majani ya kabichi, lakini kabichi inatoa maji na kulegea. Mimi nikatandika sukuma wiki. Jani la sukuma ni gumu, halitoi maji mengi, na lina mafuta yake kidogo. Jozi zikatoka nzima, kila moja na alama ya mishipa ya jani chini ya tumbo. Mzee Lu aliitazama ile alama, akaniangalia, akasema, "Nzuri." Hilo tu. Nilitembea nalo mpaka Jumapili.

Na jina pia ni langu. Siku moja wageni wamefika, na Mzee Lu akataka kuonja kabla hajatoa. Akanyoosha kidole kwa sinia: "Jiaozi." Nekesa ameniandikia hapa jinsi linavyoandikwa, mimi darasa la sita halikunifundisha hilo. Ndivyo Wachina wanavyokiita hicho chakula. Mimi nikasikia jozi. Nikamletea mbili kwenye kisahani. Akatikisa kichwa, akatoa kidole kimoja, "Jiaozi, jiaozi!" Nikaona, kumbe anataka jozi mbili. Nikaleta nne. Mzee akaziangalia zile nne, akaniangalia, halafu akaketi juu ya gunia la unga akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Tangu siku hiyo akawa anatugawia mbili mbili wakati wa chakula, ananiita, "Nafula! Jozi!" na macho yake yanapotea kwa kicheko. Hivyo ndivyo kosa la masikio yangu likawa jina la chakula. Wasomi wa chakula wanaoandika kwenye simu wajue hivyo.

Jumapili tukaanza kuzipika chumbani mwangu. Chumba kilikuwa changu, jiko la makaa langu, na sinia nilitoboa mwenyewe kwa msumari nikilaza juu ya jiwe. Nguruwe ya Wachina tuliiacha, kwa sababu nusu ya wapangaji wa plot yetu wasingeigusa, tukaweka ng'ombe na dania nyingi. Watu wa Makongeni walikuja kuangalia kwanza. "Hii ni sambusa imenyeshewa," mmoja akasema. "Hapana, ni sambusa ya mgonjwa wa tumbo," akajibiwa. Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu wa reli, akala mbili akiwa amesimama, akapangusa masharubu, akauliza, "Mbona hamuuzi moja moja?" Nikamwambia, "Mzee, ulishaona mtu akiuziwa kiatu kimoja?" Akacheka akachukua zingine. Kufikia mwezi wa tatu watoto walikuwa wanakuja na sahani wenyewe. Na sisi wawili tukipita kwenda kazini, vijana wa getini walisema, "Jozi hao." Nilikuwa na furaha, nadhani. Lakini nilikuwa naona watu wanamwita yeye kwanza. "Nyoki, ongeza pilipili. Nyoki, leo zimekunjwa vizuri." Hakuna aliyesema leo zimepikwa vizuri. Mvuke ukifanya kazi yake hauachi alama, unaonekana mkunjo.

Sasa nieleze sheria ya jiko, maana yote yako hapo. Mvuke wa masinia si kama wa sufuria ya ugali. Ule ulio moto kabisa huuoni. Ukiuona mweupe ujue umeshaanza kupoa. Kwa hivyo Mzee Lu alikuwa na amri moja, na neno lake ndilo la Kiswahili alilolitamka bila kasoro. Kabla mtu yeyote hajainua kifuniko, anapiga kelele: "Mvuke!" Wote wanarudi nyuma. Ndipo unafungua. Hata Musyoka, aliyekuwa hasikii la mtu, aliiheshimu hiyo.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, wageni wengi, na Musyoka amesimama mlangoni na shati lake jeupe. "Wasichana! Watu wamekaa huko kama wako kwa daktari! Mnangoja nini?" Nilikuwa nimeinama kuongeza maji kwenye sufuria ya chini, mkono wangu wa kulia umepita kando ya masinia. Nyokabi akatoka mezani. Alikuwa na tabia hiyo, hawezi kungoja, lazima aone mikunjo yake imetokaje. Akavuta kifuniko upande wangu. Sikusikia neno. Nilisikia bati likikwaruza bati, na kisha mkono, na shingo, na upande huu wa sikio, vikawa si vyangu. Nakumbuka jozi zikitawanyika sakafuni na mimi nikijaribu kutozikanyaga. Ati nisizikanyage. Akili ya mtu inachekesha.

Hospitali nililala, nikatoka nimefungwa kama mtoto mchanga. Musyoka akatuita jikoni tusimame mbele ya wenzetu, aamue kosa ni la nani. Akauliza, "Nani alifungua?" Nyokabi akasema, "Mimi." "Ulipiga kelele?" Hapo nikamtazama. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja wakati wa mvua, paa lake lilipovuja. Akasema, "Nilisema mvuke. Lakini Nafula husikia vibaya, nyinyi wote mnajua. Si ndiye alisikia jozi?" Na watu wakacheka. Sikatai kwamba ilikuwa inachekesha. Wakacheka hata wale waliokuwa wamenililia. Nilimgeukia Mzee Lu. Yeye alikuwa mezani wakati ule, hatua chache, na masikio yake yalikuwa mazima. Alikuwa anatazama unga kwenye vidole vyake. Sijui kama hakuelewa swali, au alielewa na akaona mkono moto ni mmoja na mkono baridi ni mmoja, na wa kumfaa ni upi. Musyoka akafunga kesi. "Kiwanda hakina kazi ya mkono mmoja," akasema. Hivyo tu, kama anayesoma hali ya hewa.

Nililala chumbani humu. Jumapili Nyokabi akabisha, akasimama mlangoni hakuingia. "Nafu, niazime sinia. Nakushikia tu mahali pako watu wasizoee wengine." Nikamwambia lipo chini ya kitanda, jichukulie. Alipiga magoti akalivuta, na nikaona kisogo chake, na nikafikiri, muombe msamaha sasa, hapo hapo ulipopiga magoti. Akasimama akaenda. Kupitia ukuta nikamsikia akiweka makaa, akipuliza, na baadaye sauti yake getini: "Jozi! Jozi moto!" Neno langu, kwa sinia langu. Jioni aliniletea sahani ya jozi. Mbili. Nilikuwa nimeapa sitagusa. Nilikula kwa mkono wa kushoto, nikilia, na nitasema ukweli hata kama unanichoma kuliko mvuke: zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu kuliko tulipokuwa wawili. Sinia hakulirudisha. Baada ya muda akahama Makongeni, nikasikia ana kibanda Donholm, halafu ana mlango Fedha, halafu ana wasichana wa kumsaidia. Kila habari iliyonifikia ilikuwa mbaya kwa sababu ilikuwa njema.

Basi Jumamosi tukaenda. Nilivaa sweta la mikono mirefu ingawa kulikuwa na jua. Mahali penyewe ni pasafi, nilitafuta uchafu nikakosa. Kuta za manjano, meza za plastiki, bakuli za ukwaju na pilipili, watu wamejaa mpaka wengine wamesimama na sahani. Jiko liko wazi nyuma ya kaunta. Tulipoketi tu, msichana wa huko nyuma akapiga kelele, "Mvuke!" na wenzake wote wakarudi nyuma, ndipo akainua kifuniko. Oti akamuuliza aliyetuhudumia, "Kwani mnatisha nani?" Msichana akacheka. "Ni sheria ya Mathe, Mama Jozi mwenyewe. Ukifungua bila kusema, hata kama ni jioni na tumechoka, unavua aproni unaenda nyumbani. Hapo hasamehi mtu." Halafu akaweka sahani. Mbili mbili. Nikainua moja kwa uma, nikaangalia tumbo. Alama ya jani la sukuma.

Nyokabi alitoka jikoni akipangusa mikono. Amenenepa, ana miwani, na bado anatembea kama mtu anayengojwa. Hakuniona, alikuwa anasalimia meza baada ya meza. Oti, ambaye mdomo wake haukai, akamwita. "Mathe, niaje! Tuambie, kwa nini ni jozi? Kwa nini mbili mbili?" Watu wa meza za karibu wakageuka, ilionekana ni hadithi wanayoipenda. Nyokabi akaweka mkono kiunoni. "Nilikuwa kijana, napikia Mchina," akaanza, "na mimi masikio yangu, watoto wangu, ni ya mapambo tu. Mzee akasema jiaozi, mimi nikasikia jozi! Nikamletea mbili. Akapiga kelele, nikamletea nne! Mzee akaketi kwa gunia…" Watu wakacheka. Alieleza vizuri. Hata kofia iliyoanguka aliiweka. Nilikaa pale nikisikiliza kosa langu likitoka mdomoni mwake. Sinia alichukua, jani alichukua, neno alichukua, na sasa hata ujinga wangu amevaa.

Halafu nikaona alichofanya. Ilinijia polepole, kama maji yanavyoanza kuchemka. Nikasema, "Nyoki."

Akageuka. Aliondoa miwani, akairudisha. "Nafu? Nafula, ni wewe? Yesu wangu."

"Ni mimi. Nimesikia hadithi yako. Kwa hivyo aliyesikia vibaya ni wewe."

"Ah, wewe nawe, si ni stori tu ya wateja…"

"Hapana, mimi nakubali. Watu wote hawa wamesikia. Wewe ndiye masikio yako ni ya mapambo. Basi yangu ni mazima." Nikavuta juu mkono wa sweta. Nekesa ameniona miaka yote na bado aligeuza uso. "Na kama yangu ni mazima, Nyokabi, siku ile sikusikia kitu. Ulisema?"

Watu wa meza ya jirani waliweka uma chini. Oti aliangalia sahani yake. Nyokabi alikuwa anatazama mkono wangu, si uso, na vidole vyake vilikuwa vinakunja ukingo wa aproni, mkunjo juu ya mkunjo. Jikoni msichana akapaza sauti, "Mvuke!" na sisi wawili, sote kwa pamoja, tukarudi nyuma, mimi kwenye kiti na yeye pale aliposimama.

"Sikusema," akasema. Alisema kwa sauti, si kwa kunong'ona, nampa hilo. "Nilitaka kuona tu. Sikusema, Nafu."

Nilikuwa nimedhani siku nikilisikia hilo neno nitapoa. Nililia kidogo, na yeye akalia, na alinishika mkono, huu mbaya, kwa vile vidole vyake, na bado ni baridi, na ilinipoza ngozi, na hilo pia nilimwonea wivu. Akasema niwe nakuja. Akasema atawaambia watu hadithi ilivyo. Nikamwambia, "Waambie." Kisha akasema, "Kula, zitapoa," akaingia jikoni, na watu wakaanza kuongea tena, na nilikuwa sina swali lingine la kujificha nyuma yake. Nikala. Ngozi ilikuwa nyembamba, haikupasuka. Ndani mchuzi ulikuwa umebaki wote. Chumvi, tangawizi, dania, kila kitu kimekaa mahali pake. Nilikula zangu, nikala na mbili alizoacha Nekesa, nikapitisha kidole kwenye ukwaju uliobaki.

Tulipokuwa tunatoka Nekesa akanishika kiwiko, cha upande mzuri, akafungua simu yake. "Anti," akasema, taratibu kama mtu anayeongea na mgonjwa, "wewe ndio mwenyewe wa hii kitu. Sema basi, niandike. Jozi tamu kabisa Eastlands ni za wapi?"

"Kaloleni, kwa yule mama wa jozi za mbuzi," nikamwambia.